Umetoka Arubaini, Moyo Bado Uko Leba

Mdogo wangu, leo nazungumza na wewe uliyetoka arubaini, ukapakwa hina, ukafukizwa udi, watu wakakupongeza. Lakini usiku ukifumba macho tu, unajiona umerudi leba.

Labda ulivuja damu nyingi. Labda ulikimbizwa usiku kutoka Nungwi hadi hospitali ya Mnazi Mmoja ukidhani roho itakutoka njiani. Au cheti kinasema umezaa salama, kumbe ulilia kwa uchungu ukafokewa. Mwili unaweza kupona, lakini hofu ya kufa, ya kumkosa mtoto au ya kuachwa peke yako ikabaki moyoni.

Jitazame. Tukio linakurudia ndotoni. Ukinusa dawa za hospitali, moyo unakwenda mbio. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 unamtuma wifi yako. Mtoto amelala, wewe umekesha unasikiliza pumzi zake. Mume akikusogelea, mwili unaganda. Haya yakizidi mwezi na kukuvurugia maisha, ni kiwewe cha uzazi, ugonjwa unaojulikana. Huwapata takriban wanawake 4 katika kila 100 wanaojifungua, na zaidi miongoni mwa waliopata uzazi mgumu.

Wakubwa watakwambia, "Mshukuru Mungu, mwana mzima na wewe mzima." Wanakutakia heri. Lakini anayeshukuru pia huumia. Kulia si kukufuru. Dua soma, na tiba uifuate.

Uanze wapi? Chagua mtu mmoja msikivu, somo wako au mama mdogo, umweleze kadiri unavyoweza. Asikulazimishe kusema yote. Kumbukumbu ikikuvamia, kanyaga sakafu, useme kwa sauti: "Nipo kwangu Kikwajuni. Leba imekwisha. Mwanangu huyu hapa."

Kisha nenda kliniki, umwambie mkunga waziwazi: "Nikikumbuka nilivyozaa natetemeka, na mwezi umeshapita." Muombe akueleze kilichotokea siku ile na kwa nini. Akikuandikia uende hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, usiogope jina; kwenda kule si kuwa mwendawazimu. Tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe imewasaidia wengi, na zipo dawa anazoweza kutumia hata anayenyonyesha.

Lakini ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukifikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje: upelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na usiachwe peke yako.

Ukishika mimba tena, yaseme mapema yaliyokukuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka kila mwanamke awe na mtu amtakaye pembeni yake wakati wa uchungu. Uliza kliniki kama hilo linaruhusiwa pale unapokwenda kuzaa.

Nanyi waume na mama wakwe, mzazi akianza kusimulia, msimkatize kwa kumwambia asahau. Msikilizeni, mbebeeni mtoto, mfuatane naye kliniki. Anapona, ila asiachiwe mzigo huu peke yake.