Tikiti Tamu: Utamu Ndani, Hatari Nje

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tunda ninalotaka kuwaelezea ni kinyume cha methali hiyo. Nje lina ganda gumu lenye mistari kama wavu. Ndani lina nyama laini ya rangi ya machungwa, tena yenye harufu nzuri. Wazungu huliita kantalupu, jina litokanalo na Cantalupo, mahali karibu na Roma, Italia. Mimi nitaliita tikiti tamu, tusije tukalichanganya na tikiti maji.

Mmea wake hutambaa na ni wa jamaa moja na tango na boga. Hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Nyuki ndio hubeba chavua kutoka ua hadi ua, kwa hivyo mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu maua yakiwa wazi anajinyima mavuno.

Kuvuna nako kwataka subira. Sukari ya tunda hili hutoka kwenye majani. Likichumwa changa litalainika tu, lakini halitazidi utamu kama ndizi. Lililoiva hunukia, na kikonyo chake huachia ukilisukuma kidogo. Mlaji hupata vitamini C, na ile rangi ya machungwa mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wetu hatulioshi tikiti kwa sababu ganda si tunatupa? Hapo ndipo tunapokosea! Tunda hili hulala mchangani, na ule wavu wake huficha udongo na viini vya magonjwa. Kisu kikipita kwenye ganda, huvisukuma viini hivyo hadi kwenye nyama.

Mwaka wa 2011 huko Marekani, matikiti ya shamba moja la jimbo la Colorado yalikuwa na bakteria iitwayo listeria. Watu 147 waliugua na 33 wakafa. Wachunguzi walikuta maji yametuama sakafuni mahali pa kupakia, na mitambo isiyosafishika kwa urahisi. Bakteria hiyo huzaana hata ndani ya friji, na huwadhuru zaidi wazee na wajawazito.

Basi tufanyeje? Kwanza, osha mikono. Pili, lisugue tikiti zima kwa brashi chini ya maji safi yanayotiririka, kisha ulipanguse kwa kitambaa safi. Tatu, osha kisu na ubao. Nne, kata kiasi cha kuliwa papo hapo. Kinachobaki kiwekwe kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Vile vipande vinavyouzwa stejini vikipigwa na jua na nzi, tuviache, hata kama mfuko unaruhusu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tule matunda wenzangu, lakini maji yatangulie kisu.