Somo la Mezani: Mtutu ni Bomba, si Fimbo

 

Wako wanafunzi wetu kadhaa wanaopenda kuunga vifaru vya plastiki nyumbani. Mikono yao ni hodari, lakini kazi yote wanaifanya kwa Kiingereza, kuanzia karatasi ya maelekezo mpaka kumwita baba aje aone. Kiswahili kinabaki cha kusalimia bibi kwenye simu na kuomba chai. Lugha ikikaa mbali na vitu ambavyo mtoto anavipenda, mtoto ataiacha njiani. Kwa hiyo leo tunaileta pale mezani, penye gundi na kisu. Tutashughulika na sehemu moja tu, mtutu, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayoharibika kwa urahisi.

1. Maneno kwanza

Neno kifaru lina maana mbili, na sarufi yake hubadilika. Mnyama tunasema: kifaru huyu ana pembe mbili. Gari la vita tunasema: kifaru hiki kina mtutu mmoja. Mnyama anafuata a-wa, chuma kinafuata ki-vi. Kwa hiyo, ukisema "kifaru mkubwa amekuja", watu watakimbia pembe. Ukisema "kifaru kikubwa kimekuja", watakimbia kombora.

Silaha kubwa ya kifaru huitwa mzinga. Nyumba ya nyuki nayo ni mzinga. Mzinga wa asili wa nyuki ni gogo lililotobolewa katikati, na mzinga wa vita nao uko wazi katikati. Bomba lake refu ndilo mtutu, wingi wake mitutu. Shika wazo hilo, maana ndilo somo zima: mtutu ni bomba, si fimbo. Seti nyingi za plastiki huleta mtutu ulioziba kama fimbo, na jicho la mtazamaji hulijua kosa hilo mara moja hata kama hawezi kulieleza.

2. Hesabu ya tundu

Tuchukue kifaru cha Kijerumani kinachoitwa Tiger, kilichotumika katika Vita Kuu ya Pili. Kipenyo cha tundu la mzinga wake kilikuwa milimita 88. Mtutu wenyewe ulikuwa na urefu wa mara 56 ya kipenyo hicho.

88 × 56 = 4,928. Yaani karibu mita 5!

Seti nyingi za vifaru ni za uwiano wa 1:35. Maana yake, kila milimita 35 za kifaru halisi zinakuwa milimita 1 mezani kwako. Basi gawa:

Tundu: 88 ÷ 35 = milimita 2.5 hivi.
Urefu: 4,928 ÷ 35 = milimita 141 hivi.

Ukipima mtutu wako ukakuta ni mfupi kuliko hapo, usishtuke. Sehemu ya nyuma ya mtutu hufichwa ndani ya kile kichwa cha kifaru kinachozunguka. Lakini tundu halina pa kujificha. Likiwa milimita 1 tu, kifaru chako kitaonekana kama kinapuliza filimbi.

3. Kazi yenyewe

Mshono. Plastiki humiminwa ndani ya kalibu yenye pande mbili, na pale pande zinapokutana hubaki mstari mwembamba. Mtutu wa kweli hukerezwa kwa chuma, hauna mstari huo. Simamisha makali ya kisu wima juu ya mshono na ukwaruze taratibu, usikate. Kisha kata ukanda mwembamba wa msasa, uuzungushe juu ya mtutu na uvute huku na huku, kama fundi viatu anavyovuta kitambaa juu ya kiatu. Anza na msasa namba 400, halafu 600, umalizie na 1000. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Ukisugua upande mmoja tu utaacha bapa. Zungusha mtutu mbele ya taa uone kama mwanga unateleza bila kukatika.

Tundu. Tia alama katikati kabisa ya mdomo kwa ncha ya sindano. Usiruke hatua hii, kwa sababu keekee hufuata kishimo cha kwanza. Tumia keekee ndogo ya mkono. Anza na ncha ya milimita 1, halafu 2, halafu 2.5. Izungushe kwa vidole, polepole, ukisimama kila mara kuangalia kama uko katikati bado. Keekee ya umeme huyeyusha plastiki kabla hujasema "ngoja".

Breki ya mdomo. Tiger ina uvimbe mwishoni mwa mtutu wenye matundu makubwa pembeni. Si pambo. Kombora likitoka, mzinga mzima husukumwa nyuma kwa nguvu. Matundu yale huelekeza moshi na hewa ya moto pembeni, na hivyo kupunguza msukumo huo. Kama njia hiyo imeziba kwenye plastiki yako, itoboe na uilainishe kwa tupa ndogo. Hewa lazima iwe na pa kutokea!

Rangi. Ndani ya tundu usipake nyeusi tupu. Kijivu cha giza chenye dalili ya chuma kinaonekana kweli zaidi. Masizi kidogo kwenye breki yanatosha.

Wengine hununua mtutu wa aluminiamu uliokwisha kukerezwa, usio na mshono. Ni mzuri, ila gundi ya plastiki haitaushika. Gundi ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na chuma hakiyeyuki. Tumia supagluu.

4. Neno la muuguzi

Makali ya kisu yaelekee mbali na mwili wako. Watoto wadogo, kisu ni cha mzazi. Vumbi la plastiki si la kuvuta puani, kwa hiyo tumia msasa wa maji, na fungua dirisha unapotumia gundi na rangi. Vidole vikigandana kwa supagluu, usivute ngozi. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha vitenganishe taratibu. Na wazazi, tafadhali msifute supagluu kwa pamba. Gundi hiyo ikikutana na pamba hupata moto, na inaweza kuunguza ngozi.

5. Alama chini ya mtutu

Wazazi wengine wataniuliza: mwalimu, mbona unafundisha silaha? Swali ni la haki, na jibu langu liko chini ya mtutu.

Kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, huko Dorset, Uingereza, kuna Tiger yenye namba 131. Ilitekwa na jeshi la Uingereza nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943. Imetengenezwa mpaka inatembea tena, na mwaka 2014 ilionekana katika filamu ya Fury. Katika mapigano yale, risasi ya kifaru cha Kiingereza aina ya Churchill iligonga upande wa chini wa mtutu, ikaruka na kukwama pale kichwa cha kifaru kinapokutana na mwili. Kichwa hakikuweza kuzunguka tena. Waliokuwa ndani wakakiacha na kukimbia. Tiger ilibeba watu 5.

Anayetaka kuunga namba 131 kwa uhakika lazima ajue jeraha lile, na akilijua, atajua pia kwamba nyuma ya tundu la milimita 2.5 walikaa watu wenye mama zao, na mbele yake walikuwapo wengine vilevile. Mtoto anayeuliza kila sehemu ilifanya kazi gani hafundishwi kupenda vita. Anafundishwa kutazama kitu mpaka mwisho wake. Mwulizeni mtoto wenu, kwa Kiswahili: "Tundu hili la nini?" Kisha kaeni msikilize jibu, hata likichukua muda.

Kazi ya nyumbani

1. Kifaru cha Kimarekani cha Sherman kilikuwa na mzinga wa milimita 75. Tundu lake litakuwa na kipenyo gani kwa uwiano wa 1:35? Na kwa 1:72?

2. Sahihisha: "Vifaru hawa vya plastiki wana mitutu ndefu."

3. Msasa ni karatasi ya dukani, lakini pia ni jina la mti. Mwulize mtu mzima nyumbani: majani yake yana sifa gani? Andika jibu lake kwa sentensi tatu.

Leteni madaftari Jumamosi. Mwenye mtutu aliotoboa mwenyewe aulete pia, atueleze kwa Kiswahili alivyofanya.