Nyoka Wako Akihamia Kwenye Bakuli la Maji

Chatu aliyezoea kushinda mafichoni akihamia kwenye bakuli la maji na kukaa humo asubuhi hadi usiku, usiliondoe bakuli. Wafugaji wengi hulichukua kwa nia njema: wanachoka kubadilisha maji machafu, au wanahofia mnyama atashikwa na baridi. Lakini mara nyingi maji hayo ni nafuu aliyojitafutia nyoka mwenyewe. Ukimnyima, utaondoa dalili huku kinachomsumbua kikiendelea.

Nazungumzia hasa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye kisayansi huitwa Python regius, na nyoka wa mahindi wa Marekani. Ukiwa unaishi London au Minneapolis na mwanao ameleta nyoka nyumbani, yumkini ni mmoja wa hawa wawili. Wote ni nyoka wa nchi kavu. Si kama anakonda wa Amerika Kusini, ambaye maisha yake ni majini. Kujilowesha kwa saa moja au mbili, hasa akikaribia kujivua gamba, si jambo la kukukosesha usingizi. La kushughulikia ni pale nyoka ambaye hakuwa na desturi hiyo anapokaa majini siku nzima, au ukimtoa anarudi mara moja.

Anza na utitiri. Huu si utitiri wa kuku. Nyoka wana wa kwao, na hunyonya damu yao. Nyoka huingia majini kwa sababu maji humpunguzia muwasho na huzamisha baadhi ya wadudu hao. Ndiyo maana bakuli ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi. Mtoe nyoka, yaache maji yatulie, kisha mulika chini kwa tochi. Vitone vyeusi vilivyotuama kama pilipili manga iliyosagwa vikusanye kwenye karatasi nyeupe uvitazame: vikiwa na miguu, jibu umelipata. Halafu mpitishe nyoka taratibu kwenye karatasi nyeupe ya jikoni iliyoloweshwa kidogo. Mkague kuzunguka macho, kwenye mfereji ulio chini ya taya, na mahali magamba yanapoachana anapojikunja. Vumbi jeupe juu ya magamba nalo ni ushahidi, kwa kuwa ni kinyesi cha utitiri. Ukiona vitone vikitembea mkononi mwako baada ya kumshika, usihangaike kutafuta zaidi.

Kumtibu nyoka peke yake hakutoshi. Majike ya utitiri hayatagi juu ya nyoka. Hushuka na kutaga kwenye pembe, nyufa na chini ya matandiko. Kwenye joto la kizimba, yai huwa mdudu mzima ndani ya wiki mbili au tatu hivi. Kwa hiyo tupa matandiko yote na vigogo vyenye mianya, osha kizimba kwa maji moto na sabuni, kikaushe, kisha tandika karatasi tupu. Karatasi ibadilishwe kila siku mpaka tatizo liishe. Dawa ichaguliwe na daktari wa wanyama anayewajua reptilia, na mara nyingi hurudiwa ili kuwakamata wanaoanguliwa baadaye. Dawa ya mbu ya kupuliza na dawa ya kuogeshea ng'ombe zinaweza kumuua nyoka, hasa aliye mchanga. Ivermektini, ambayo watu huipendekeza kirahisi, ni sumu kwa kobe, basi kama unafuga na kobe mwambie daktari mapema.

Usipoona utitiri, chukua kipimajoto. Chatu wa Afrika Magharibi anahitaji upande wa moto wenye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa ubaridi wenye 24 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kizimba kizima kikiwa moto, bakuli ndilo linalobaki kuwa kivuli chake. Mkeka wa joto usiofungwa kwenye themostati unaweza kupita nyuzi 40 bila mtu kujua, kwa sababu kipimajoto kilichobandikwa ukutani husoma hewa, si sakafu anayolalia nyoka. Pima chini ya matandiko, pale tumbo linapogusa.

Hewa kavu nayo humsukuma majini. Wakati wa majira ya baridi Ulaya na Marekani, mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa. Muscat na Dubai, viyoyozi hufanya hivyo hivyo. Macho yakigeuka ya kibuluu na ngozi ikafifia, nyoka yuko mbioni kujivua gamba na unyevu anauhitaji zaidi. Mwekee kasha lenye mfuniko, toboa tundu la kuingilia, jaza kuvumwani wa kinamasi au karatasi, vyote vikiwa vimeloweshwa na kukamuliwa. Wengi huliacha bakuli wenyewe wakilipata hilo. Gamba likitoka vipandevipande, au kikabaki kiwambo juu ya jicho, usilibandue kwa kucha.

Sababu nyingine hutokea mara chache zaidi. Aliyefunga choo hujilowesha, na jike anayejiandaa kutaga huweza kujiviringisha kwenye bakuli. Wapo pia wanaoingia humo kwa kukosa tu pa kujificha: maficho yakiwa mapana au yako upande mmoja tu, bakuli zito lenye kingo huwa ndilo chaguo bora. Weka maficho mawili yanayombana, moja kila upande.

Kukaa majini muda mrefu kuna madhara yake. Magamba ya tumbo huwa mekundu, kisha hutoka malengelenge, na ngozi ikishaoza matibabu ni ya daktari. Mpeleke bila kuchelewa pia akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu au sauti ya kukoroma, akikonda, au akilegea kiasi cha kushindwa kujigeuza ukimlaza chali. Beba picha za kizimba, vipimo vya joto na unyevu, na ile karatasi yenye vitone ukiifunga ndani ya mfuko.

Nyoka wengi huchafua maji wanayolalia, na kinyesi chao huweza kubeba bakteria wa salmonela. Badilisha maji siku hiyo hiyo. Bakuli lisioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasiguse maji hayo.

Na nyoka mpya asiingie moja kwa moja chumba kimoja na wenzake. Mtenge miezi 2 au 3 juu ya karatasi nyeupe, umhudumie wa mwisho kila siku, kisha nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Chatu walioagizwa kutoka Ghana, Togo na Benin huja wakati mwingine na kupe chini ya magamba, na utitiri husafiri hata kwenye mkono wa shati.