Tumbo la Kuharisha Halitibiwi kwa Njaa

Imekuwa ada katika nyumba nyingi za miji yetu kwamba mtoto akianza kuharisha, jambo la kwanza analofanyiwa ni kunyimwa. Hunyimwa maji kwa kudhaniwa kuwa maji ndiyo yanayomzidishia kuhara. Hunyimwa chakula ili tumbo lipumzike. Na pengine hata ziwa huondolewa kinywani mwake, kwa kusemwa kuwa maziwa ya mama yameharibika. Wenye kufanya haya ni wazee wenye huruma, wala hapana katika wao amtakiaye mtoto shari. Lakini huruma isiyokuwa na ilimu huweza kuua, na ada hii ni katika ada zinazoua. Basi yatupasa tuitazame kwa jicho la akili.

Kwanza ni kujua kuwa mwenye kuharisha mara nyingi hauawi na uchafu unaomtoka, bali huuawa na upungufu wa maji na chumvi zinazotoka pamoja nao. Mwili ukikauka, macho huingia ndani, kinywa hukauka, machozi hukosekana, mkojo hupungua, na utosi wa mtoto mchanga hubonyea. Wako waonao utosi umebonyea wakaupaka dawa kwa juu, na hali kilichoubonyeza ni ukavu wa ndani. Kumnyima maji mtoto wa hali hii ni kumsaidia adui yake.

Huenda mtu akauliza: Ikiwa tumbo limeharibika, maji anayonyweshwa yatakaaje? Jawabu yake ilipatikana kwa kuchunguza kazi ya utumbo. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kuwa sukari na chumvi hupita pamoja katika ngozi ya utumbo mwembamba, mfano wa wasafiri wawili ambao mlango haufunguliwi ila wafuatane. Na wakiisha kupita, maji huwafuata. Mlango huu huendelea kufanya kazi hata katika kipindupindu. Kwa hivyo maji matupu hayatoshi, wala chumvi peke yake haitoshi. Faida i katika kuvichanganya kwa kipimo.

Mwaka 1968, katika mji wa Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu. Kisha mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika mji wa Bangaon, nchini India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutiwa mshipani yalipokuwa hayatoshi, Daktari Dilip Mahalanabis aliamrisha wagonjwa wanyweshwe maji ya sukari na chumvi, na jamaa zao ndio waliowanywesha. Vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hata chini ya 4. Baadaye, tangu mwaka 1980, wafanya kazi wa chama cha BRAC walizunguka Bangladesh nyumba kwa nyumba, wakawafundisha mamilioni ya akina mama kupima chumvi kwa kuifinya kwa vidole vitatu na sukari guru kwa ukufi. Wengi katika hao hawakujua kusoma, lakini walijua kuokoa watoto wao.

Sasa tueleze namna ya kufanya. Lililo bora ni pakiti ya chumvi za kunywa inayopatikana zahanati na katika maduka ya dawa, ichanganywe kwa maji kiasi kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Kisha onja: yakizidi chumvi ya machozi, yamwage ufanye mengine, kwani chumvi nyingi ni khatari. Yakipita siku moja pia yamwagwe.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 mpaka 100 kila baada ya kuharisha, na aliyezidi hapo apewe 100 mpaka 200, kwa kijiko au kidogo kidogo kwa kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole. Dafu ni kinywaji chema, lakini chumvi yake ni chache, basi lisishike mahali pa maji haya. Ama soda na sharubati tamu, ziepukwe, kwani sukari ikizidi huyavuta maji utumboni na kuharisha kukazidi.

Chakula nacho kisikatwe. Mtoto anyonyeshwe zaidi kuliko desturi. Na Qur'ani imetaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, basi vipi tumkatize siku anapokuhitaji mno? Aliyeanza kula apewe ubwabwa, uji, ndizi mbivu, viazi vya kupondwa, samaki na mtindi, kidogo kidogo mara nyingi. Akipona azidishiwe mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki mbili. Pia apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14: miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya miezi 6 apewe 10.

Lakini maji haya hayaondoi haja ya daktari. Ikionekana damu, au mtoto akatapika kila anachopewa, au akashindwa kunywa, au akalegea na kusinzia, au choo kikawa kama maji ya kuoshea mchele, apelekwe hospitali upesi, naye huku akinyweshwa njiani maadamu aweza kumeza. Wala asinunuliwe vidonge vya kufunga tumbo kwa ushauri wa jirani.

Enyi akina baba, msiseme kuwa haya ni mambo ya jikoni. Kijiko, chumvi, sukari na maji vimo katika kila nyumba. Kinachokosekana ni kujua. Wafundisheni wa nyumbani kwenu kipimo hiki leo, watoto wangali wazima, kwani usiku wa maradhi si wakati wa kuanza kusoma. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikia.