Kabureta Ilisingiziwa: Mafunzo Niliyopata kwa Injini Kuukuu

Injini yenyewe ni Atomic 4: petroli, silinda nne, nguvu za farasi 30. Kampuni ya Universal ya Marekani ilizitengeneza kuanzia 1947 hadi 1984, zipatazo 40,000, nyingi zikafungwa kwenye mashua za tanga za watu wa kujistarehesha. Hii moja ilinifikia katika hori ya Kilifi, tumboni mwa yoti iliyolala kwenye boya miezi mingi. Sisi mafundi wa hapa tumezoea mashine za kupachika shetrini, au dizeli. Petroli iliyofichwa chini ya sakafu ya chombo ni nadra kwetu, nami nilijifunza kwa kukosea.

1. Nusa kabla ya kugusa

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye pikipiki unapeperuka ukaenda zake. Ndani ya chombo unashuka ngamani, unatulia, unangoja cheche. Tena kabureta ya injini hii imekaa chini na hewa huipanda kwenda juu, kwa hiyo floti ikikwama petroli inafurika na kudondoka kwenye mdomo wa hewa. Siku ya kwanza nilipitisha kitambaa chini yake kikatoka kimelowa. Nikaufunga mfereji wa tangi, nikafungua madirisha yote na kuacha upepo upite, na betri sikuigusa mpaka harufu ilipokwisha. Tangu hapo, hata pakiwa pakavu, feni ya ngama inazunguka dakika nne kabla ya ufunguo. Makosa yangu mengine yote yalinipotezea wakati. Hili lingenipoteza mimi.

2. Ukiona inapona kwa muda, bado hujaitibu

Malalamiko yalikuwa haya: injini inawaka vizuri, inakwenda kama dakika ishirini, inalegea, inakata. Ukikaa ukanywa maji, inawaka tena.

Nikasema kabureta. Fundi gani hasemi kabureta? Nikaifungua, nikaiosha, nikapuliza vitundu vyote. Ikawaka, nikatembea kifua mbele. Tulipokaribia mlango wa bahari ikazima, tukarudi kwa tanga. Nikaifungua mara ya pili, nikabadilisha na gasketi. Vilevile. Mara ya tatu mwenye chombo alikuwa ameketi juu ya ngazi ananitazama.

"Fundi, si juzi tu uliisafisha hiyo?"

"Niliisafisha, Mzee. Naisafisha vizuri zaidi."

Sikuwa na jibu jingine. Aliyeniokoa ni mpwa wangu, aliyekuja kubeba vyombo tu. Injini ilipokata alikwenda kuangalia kiasi cha mafuta, akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta pumzi: fyuuuu.

"Mjomba," akasema, "hili tangi limezibwa pua."

Ndivyo ilivyokuwa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Bomba la hewa la tangi, lile linalochungulia ubavuni mwa chombo, nyigu walikuwa wamelijaza nyumba ya udongo. Pampu ilikuwa inavuta dhidi ya tangi linalokaza, mpaka bakuli la kabureta likakauka. Tukipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo, injini inafufuka. Na mimi kila nilipofungua kabureta nilikuwa naipa mapumziko tu, kisha najisifu kwa matibabu.

Sasa naanza tangini. Nalegeza kifuniko kwanza. Halafu, injini ikiwa imepoa na cheche imekatwa, nachomoa paipu upande wa kabureta na kuielekeza kwenye chupa ya kioo, nione kama inatiririka au inatema tu. Chupa naiacha itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini, yametengana na petroli, na hapo kuosha kabureta ni kufua nguo kwa maji ya matope.

3. Choki ina ulimi

Injini ikiwa moto na bado inataka choki ili iende, inakula hewa nyingi kuliko petroli: jeti imeziba, au gasketi inavujisha hewa. Ukivuta choki kidogo na injini ikazidi kukohoa, huenda petroli imezidi. Toa plagi uzitazame. Nyeusi zenye masizi zitakuunga mkono.

4. Jeti si ya kuchokoa kwa waya

Jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli milele. Utando wa petroli iliyolala naulainisha kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha napitisha kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia. Vitundu vya mwendo wa polepole ndivyo vyembamba zaidi, na ndivyo huziba kwanza. Injini inayokwenda vizuri kwa kasi lakini inazima ukirudisha mkono, tafuta huko.

5. Pampu kimya si lazima iwe mbovu

Pampu ya umeme ya injini hii ilikuwa imeunganishwa na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima nayo iache kusukuma. Nusura niinunulie pampu mpya kwa sababu haikunguruma nilipofungua ufunguo.

Mzee alilipa siku mbili, hizo nyingine hakuziuliza wala mimi sikuzitaja. Mdomo wa bomba la tangi niliufunga wavu mwembamba wa shaba. Wiki hiyohiyo nyigu walirudi, wakauzunguka wavu, kisha wakahamia bomba la tangi la choo.