VIJANA WA KOTI JEUPE KUTOKA NG'AMBO: NI MADAKTARI AU WANAFUNZI?



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa WAWATA alitushika mkono nje ya kanisa akatuuliza kwa sauti ya chini: "Dada nesi, yule msichana wa Kizungu aliyenipima tumbo kliniki ni daktari kweli? Mbona kila akinigusa anamtazama mkunga usoni?" Tulicheka kidogo. Lakini njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba swali hilo si la kuchekwa. Sisi wauguzi tumewazoea vijana hao hata tumesahau kuwaeleza wagonjwa wao ni nani. Basi mwezi huu ukurasa wetu wa afya utajibu swali la mama huyo.

Wao ni nani?

Wengi wao ni wanafunzi wa udaktari, bado hawajawa madaktari. Huko kwao Ulaya masomo haya ni marefu. Ujerumani, kwa mfano, mwanafunzi husoma miaka 6. Kabla ya mwaka wa mwisho anatakiwa awe amefanya miezi 4 ya mazoezi wakati wa likizo, na mwaka wa mwisho wote ni wa kazi hospitalini: wiki 48 zilizogawanywa mara tatu, yaani wiki 16 za upasuaji, 16 za magonjwa ya ndani na 16 za fani anayoichagua mwenyewe. Sehemu ya muda huo anaruhusiwa kuifanya nchi nyingine. Uingereza nao wana kipindi maalumu, mara nyingi wiki 6 hadi 8 karibu na mwisho wa masomo, ambapo mwanafunzi huchagua mahali pa kwenda, na wengi huchagua Afrika.

Kwa nini huku kwetu? Sababu ni nyingi na si zote tunazipenda kwa kiasi kimoja. Wengine wanakuja kwa moyo wa kuhudumia. Wengine wanataka kuona malaria, kifua kikuu na kichocho, magonjwa ambayo kwao wanayasoma vitabuni tu. Wapo pia wanaotaka kupanda Mlima Kilimanjaro, na hospitali ni njia ya kufika huko. Hatuwalaumu, sisi pia tulipokuwa vijana tulipenda kutembea. Lakini ipo sababu moja tunayoitazama kwa makini: wengine huja kwa sababu wamesikia kwamba huku watapewa kufanya mambo ambayo kwao hawaruhusiwi.

Jambo lililotupata

Tutaeleza kisa kimoja, nacho si cha kujivunia. Ni cha miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja. Usiku ule tulikuwa zamu wauguzi 2 kwa wagonjwa zaidi ya 40. Mama mmoja, uzazi wa kwanza, alijifungua mtoto mkubwa akachanika msamba. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Pembeni alikuwa amesimama mwanafunzi wa mwaka wa nne kutoka ng'ambo, kijana mpole, mwenye adabu. Mmoja wetu akamwambia, "Dokta, tusaidie kushona." Naye akavaa glavu akashona.

Hatukumwuliza kama amewahi kushona. Naye hakusema kwamba hajawahi. Sisi tulimwona ni mzungu mwenye koti jeupe, yeye alituona tumechoka, akaona aibu kukataa. Hivyo watu watatu wenye nia njema tulimdhuru mama mmoja.

Mchaniko ule ulikuwa wa daraja la tatu, maana yake ulikuwa umefika kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Mchaniko wa namna hiyo hutakiwa kuchunguzwa kwa mwanga wa kutosha na kwa kidole, kisha kushonwa tabaka kwa tabaka na mtu mwenye uzoefu. Kijana alishona ngozi juu, ikapendeza kwa macho. Ndani msuli ulibaki wazi. Baada ya siku 10 mama alirudi, akasubiri wagonjwa wengine watoke ndipo akasema hawezi kuzuia choo wala upepo. Alikuwa ameacha kwenda kanisani na kwenye jumuiya. Mume wake alikuwa amehamia chumba kingine. Ilibidi asubiri miezi 3 kidonda kipone kabla daktari bingwa hajamshona upya. Alipona, kwa neema ya Mungu. Lakini ile miezi 3 hakuna wa kumrudishia.

Tungependa kina mama mnaosoma mlijue jambo hili hata kama hakuna mwanafunzi yeyote karibu nanyi: ukishindwa kuzuia choo au upepo baada ya kujifungua, usikae nalo nyumbani kwa aibu. Siyo laana wala si jambo la kawaida la uzazi. Linatibika, na linatibika vizuri zaidi likigunduliwa saa ileile. Rudi hospitali upesi.

Mwanafunzi anaruhusiwa nini?

Kwa sheria za nchi yetu, mtu hawezi kujiita daktari na kutibu watu bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kijana wetu wa Kitanzania husoma miaka 5 ya udaktari, kisha hufanya mwaka 1 wa mazoezi chini ya usimamizi, ndipo hupata usajili kamili. Sasa iweje mgeni ambaye hajamaliza masomo kwao afike huku na kuwa daktari kwa sababu tu amevuka bahari?

Hapa tunapofanya kazi sasa utaratibu ni huu. Wiki ya kwanza mwanafunzi anatazama. Baadaye anapima shinikizo la damu, anasikiliza kifua, anamhoji mgonjwa, na yote anayoyaona anamweleza daktari wetu, ambaye hupima tena mwenyewe. Akionyesha uwezo, anafanya kazi ndogo huku msimamizi akisimama karibu naye, siyo chumba cha pili. Haandiki dawa akaweka sahihi peke yake. Beji yake imeandikwa MWANAFUNZI kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, ili isomwe na mgonjwa.

Na wewe mgonjwa una haki yako. Unaweza kuuliza, "Wewe ni mwanafunzi au daktari?" Unaweza kusema, "Naomba unitazame tu, anipime sista." Hutanyimwa huduma wala kusogezwa nyuma ya foleni kwa kusema hivyo. Ikiwa kuna anayekukasirikia, mwone muuguzi kiongozi wa wodi. Wazee wetu walizoea kufikiri kwamba kumkatalia mtu wa hospitali ni utovu wa adabu. Mwili ni wako, uliopewa na Mungu. Kuulinda kwa maneno ya upole si utovu wa adabu.

Kuna jambo la kuchekesha, nalo hutusikitisha pia. Tuna daktari msaidizi wetu ambaye amewapasua kina mama wasiohesabika, na watoto aliowatoa sasa wengine ni wazazi. Mara kadhaa tumeona wagonjwa wakiacha foleni yake na kuhamia upande wa pili, kwa kijana wa miaka 23 ambaye hajawahi kuona malaria, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake tu! Yule kijana mwenyewe hutoka nje akamfuata mzee kumwuliza afanye nini.

Lugha

Taabu nyingine ni lugha. Katika nyumba ya wajawazito wanaosubiri, mama alimwambia mwanafunzi, "Nina uchungu tangu alfajiri." Mwanafunzi akafungua kijitabu chake, akakuta uchungu ni huzuni. Akaja kwetu mbio kutuambia kwamba mama yule ana majonzi na anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Tulipofika, mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita 8.

Hilo tulilicheka pamoja naye. Lakini lipo lingine dogo na la hatari zaidi. Sisi Waswahili tukiulizwa, "Hujala tangu jana?" hujibu, "Ndiyo," yaani ni kweli, sijala. Mwanafunzi akisikia "ndiyo" anaandika kwamba mgonjwa amekula. Operesheni inaahirishwa bure. Na kinyume chake ndicho kibaya hasa: ukiulizwa, "Hudhuriki na dawa yoyote?" ukajibu "hapana" kwa maana ya "si kweli, nadhurika," yeye anaandika kwamba huna tatizo. Kwa hiyo usijibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "Sijala tangu jana jioni." "Penisilini hunitoa vipele na kunibana pumzi." Nasi wauguzi hatutakiwi kumwacha mgonjwa na mwanafunzi bila mkalimani. Tunajua tunapungukiwa watu, lakini mtoto wa jirani aliyekuja kuleta uji si mkalimani wa mambo ya siri ya mama mtu mzima.

Tukiwa bado kwenye chakula: wageni hawa wanapenda watoto, hutembea na pipi mfukoni. Mzazi, kama mtoto wako anasubiri kupasuliwa, usiruhusu ale hata pipi moja, hata kama anayempa amevaa koti jeupe. Mtoto akiwa usingizini kwa dawa, kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Picha pia. Simu za siku hizi zinapiga picha na kuzipeleka duniani kabla hujashuka kitandani. Hakuna mwanafunzi, mzungu au mwafrika, mwenye ruhusa ya kukupiga picha wodini bila wewe kukubali, na mtoto wako ni hivyohivyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako ni miongoni mwa zinazolindwa.

Sindano inapomchoma mtu

Wao nao wako hatarini. Mwaka fulani msichana mmoja alijichoma na sindano aliyokuwa ametolea damu mgonjwa. Aliificha siku nzima akiogopa kugombezwa, usiku ndipo tukamkuta analia. Tunaeleza hapa la kufanya kwa sababu linawahusu pia ninyi mnaowauguza wagonjwa nyumbani.

Osha mahali palipochomwa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue damu, usimwagie spiriti wala dawa ya kufulia. Kisha nenda hospitali saa hiyohiyo. Sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI huambukiza wastani wa watu 3 hivi katika kila 1,000 wanaochomwa, hivyo si kila achomwaye ameambukizwa. Zipo dawa za kinga. Zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala zisivuke saa 72, na humezwa siku 28 bila kuruka. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kwa njia hii, lakini ina chanjo, nayo mtu mzima hupewa mara tatu katika miezi 6. Msichana yule alimeza dawa zote, akapimwa baadaye, yuko salama.

Je, wana faida?

Twasema wanayo. Mwanafunzi mwenye mafunzo mazuri hutuuliza maswali tuliyoacha kujiuliza. Mmoja alituuliza kwa nini tunawaamsha wagonjwa saa 10 alfajiri kuwaogesha, tukakosa jibu, tuliacha. Nao wanaondoka na kitu. Kwao mashine hufanya kazi nyingi. Huku wanafundishwa kuona upungufu wa damu kwa kufunua kope, kupapasa bandama kwa vidole, kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ndogo iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895 na ambayo haihitaji umeme. Mkunga wetu mmoja hawaruhusu kugusa mashine ya kupimia mpaka wausikie moyo huo kwa pembe.

Lililo zito kwetu ni hili: njia hii ina upande mmoja. Vijana wetu wa Bugando, Muhimbili na KCMC wana akili na bidii, lakini ni wachache wanaopata nauli na viza ya kwenda kujifunza kule. Na hao wachache wakifika, mara nyingi huruhusiwa kutazama tu, hawagusi mgonjwa mpaka wafaulu mitihani na kupata vibali. Hatusemi ni vibaya. Wanawalinda wagonjwa wao. Basi nasi tuwalinde wa kwetu kwa kipimo kilekile. Na chuo kinachotuletea wanafunzi 10 kila mwaka kinaweza kumpokea hata mmoja wa kwetu. Tumewaandikia hivyo wakubwa wetu, nao wamelipokea vizuri, tunasubiri.

Yule mama wa WAWATA alirudi kliniki Jumanne iliyofuata. Akamkuta msichana yuleyule. Akamwuliza waziwazi, mkunga akatafsiri: "Matumbo mangapi umeshapima?" Msichana akahesabu kwenye daftari lake, akasema, "Kumi na saba." Mama akafikiri kidogo, akapanda kitandani. "Haya, la kumi na nane ndilo hili. Lakini sista asitoke."