Dondoo muhimu: Kupanga seva za matawini

Kabla ya kusambaza seva kwenye matawi, amua usimamizi wa mfumo ukae wapi: makao makuu pekee, au kila tawi lijitegemee.

1. Jiulize kwanza: mtandao ukikatika kutwa nzima, ni kazi gani lazima iendelee?
2. Kama tawi linaweza kusubiri, weka usimamizi makao makuu. Vifaa na gharama za matengenezo vitapungua.
3. Kama haliwezi, mfano zahanati au kiwanda, lipe usimamizi wake kamili, pamoja na uhakiki wa nywila.
4. Ukitumia Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi), usitawanye seva za etcd, yaani hifadhidata yake, za mfumo mmoja kwenye matawi ya mbali. Kwa kawaida huwasiliana kila milisekunde 100, na mtandao wa kusuasua huziyumbisha.
5. Weka seva 3 za usimamizi, si 2; zikiwa 2, moja ikizima mfumo hukosa wingi wa kura.
6. Penye mashine ndogo, tumia K3s, toleo jepesi la Kubernetes.
7. Funga kabati kwa kufuli na usimbe diski. Seva ya tawini huibwa kirahisi.
8. Sasisha tawi moja kwanza, na hakikisha toleo la zamani linarudishika ukiwa mbali.
9. Chomoa waya wa mtandao wakati wa majaribio, kabla ya wateja kuingia, uone kama kazi za namba 1 zinaendelea.